Ukishika Ree Mbili Usinyamaze

Siku mliyoniaga pale karakana ya Garissa mlinipa saa ya ukutani, blanketi na daftari hili. Blanketi, Garissa! Aliyelinunua namjua na nimemsamehe. Saa nimeitundika, inakwenda mbele dakika kumi. Daftari ndilo lililonisumbua, maana mliniambia, "Mzee Mwakio, tuandikie kazi ya pampu ulivyoifanya," halafu mkacheka, mkijua sitaandika. Haya, naandika. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza juu ya visima, juu ya watu wachache walionifanya fundi, na juu ya mchezo wa karata, kwa sababu bila ule mchezo kuna kisima kimoja njia ya Eldas ambacho kingekufa mikononi mwangu.

Nilifika nikitoka Voi, kijana wa Kitaita mwenye sanduku la bati na cheti cha ufundi kilichokunjwa vizuri. Msimamizi wa kikosi alikuwa Mzee Nzaro, Mgiriama wa Mariakani, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo hakuipandisha hata lori lilipozama mchangani. Cheti hakukitazama. Alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaniuliza kama nimewahi kutoa pampu kisimani.

"Ndiyo, mzee. Chuoni."

"Chuoni kulikuwa na kisima?"

"Hapana."

"Basi hujawahi," akasema, akanipa spana ya bomba iliyokuwa nzito kuliko sanduku langu.

Wiki hiyohiyo tulikwenda Bura, ile ya Fafi, kutoa pampu iliyoziba mchanga. Kwa asiyejua: pampu inakaa chini kabisa, imening'inia kwenye mabomba ya chuma yaliyofungwa moja kwa jingine. Unasimamisha nguzo tatu juu ya mdomo wa kisima, unavuta kwa cheni, bomba likitoka unalibana la chini yake kwa kibano, ndipo unafungua la juu. Mimi nilianza kufungua kabla ya kibano. Mzee Nzaro aliuweka mkono wake juu ya spana yangu, polepole tu. Ningezungusha mara mbili zaidi, mabomba yote na pampu yake vingeshuka shimoni, na watu wa Bura wangebaki wakichungulia. "Kibano kwanza," alisema. "Ujuaji baadaye." Maneno hayo bado nayasema nyumbani mtu akifunua sufuria ya moto bila kitambaa, na mke wangu ameyachoka.

Sasa, nusu ya kazi ya kisima ni kungoja. Ukishavuta maji, lazima uzime injini uone yanarudi kwa kasi gani. Unateremsha dipa, ule utepe mrefu wenye kichwa cha chuma kinacholia kikigusa maji, unaandika, unangoja, unateremsha tena. Kungoja huko, alasiri, kivulini mwa lori, ndiko kulikoleta karata. Mzee Nzaro alifunzwa mchezo na wachimbaji visima wa kigeni aliofanya nao kazi ujanani. Wao waliuita poka, na sisi tukauita hivyohivyo.

Kanuni zake si ngumu. Kila mchezaji anatoa dau dogo la kuingilia, kisha anapewa karata mbili za siri. Katikati ya mkeka zinafunuliwa tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kabla ya kufunuliwa, na kila zinapofunuliwa, watu wanaweka dau: unaweza kufuata la mwenzako, kupandisha, au kutupa karata zako ukajitoa. Mwenye mpangilio bora wa karata tano ndiye anayezoa. Ukipewa ree mbili mkononi umeanza na kitu kikubwa kuliko vyote, hata wafalme wawili wako chini yako. Kumbukeni lakini kwamba umeanza tu.

Pesa hatukuweka hata siku moja. Mzee Nzaro alisema tuko kwa watu ambao kamari kwao ni haramu, na mgeni mwenye adabu hamwekei mwenyeji uchafu mlangoni. Tuliweka njiti za kiberiti, na njiti zilikuwa kazi. Aliyeishiwa aliosha masufuria, akachota maji ya kambi, akapanda juu ya nguzo kupaka grisi kwenye kapi jua likiwa utosini. Aliyekuwa na njiti nyingi siku ya Alhamisi alipata kiti cha mbele gari likienda mjini Ijumaa kuchukua dizeli na chakula. Kiti kilikuwa kimoja. Mjini kulikuwa na simu, nyama, na maji ya kuoga yasiyo na ladha ya chumvi. Watu wazima tulikinyemelea kiti kile kuliko watoto na halua.

Wachezaji tulikuwa wanne. Mzee Nzaro mwenyewe. Muthengi dereva, Mkamba wa Mwingi, ambaye hakuwahi kuona karata mbaya maishani mwake, alifuata kila kitu. Baraza, fundi wa jenereta kutoka Bungoma, mwoga kiasi kwamba angeweza kushika wafalme wawili na bado akaomba ushauri. Na mimi. Wa tano hakucheza. Huyo ni Hussein, mwenyeji wa njia ya Eldas, aliyekuwa mlinzi na mkalimani wetu kila tulipokuwa upande wa Wajir. Alikaa nyuma yetu na mswaki wake mdomoni, akatazama. "Nyinyi watu wa ajabu," alisema siku ya kwanza. "Mnacheza kamari ya kuosha sufuria. Dhambi mnabata, besa hambati." Kiswahili chake nakiandika alivyokisema, na yeye ana ruhusa ya kuandika Kisomali changu, ambacho kimewachekesha watoto wa Griftu mpaka leo.

Alhamisi moja tukiwa Griftu nilikuwa nimefungana na Muthengi, njiti kwa njiti. Nilikitaka kiti cha Ijumaa kufa na kupona. Mchumba wangu Voi alikuwa amenitumia barua: usipopiga simu Ijumaa hii nitajua ulivyo. Nikainua karata zangu. Ree ya kopa na ree ya shupaza. Uso nikaukaza. Nikajiambia, Mwakio, haraka haraka haina baraka. Ukiweka dau kubwa watakimbia wote, utazoa njiti tatu. Wavute polepole.

Nikaweka njiti moja. Wakafuata wote, hata Baraza. Zikafunuliwa tisa, saba na mbili. Hazina madhara, nikasema moyoni, nikaweka njiti moja tena, huku nikipiga miayo ya uongo. Baraza akajitoa, Mzee akajitoa, Muthengi akafuata akiimba. Ikaja malkia. Njiti moja. Ikaja tano. Hapo ndipo nikasukuma njiti zangu zote mbele kwa mikono miwili, na Muthengi akasukuma zake bila kufikiri. Nikaweka ree zangu chini kwa madaha. Yeye akaweka tisa na saba. Jozi mbili! Jozi yangu moja, kubwa ya kwenda harusini, ikalala chini ya tisa na saba.

"Wewe Muthengi, una akili kweli? Mtu mzima anakaaje na tisa na saba?"

"Ungenifukuza ningeenda," akasema, akizoa njiti. "Lakini ulikuwa unaniuzia njiti moja moja. Bei ya sokoni hiyo. Nani angekataa?"

Ijumaa Muthengi alikwenda mjini na mimi nikabaki na masufuria. Mchumba alinuna miezi miwili. Leo ndiye mke wangu, na ile Ijumaa hajaisahau. Lakini nilipokuwa nikisugua masizi kwa mchanga, Mzee Nzaro alikuja akachuchumaa karibu yangu. Hakuwa mtu wa hotuba, kwa hiyo niliacha kusugua.

"Ree mbili ni kubwa," akasema, "lakini hazikui. Karata zikifunuliwa, wewe unabaki na jozi yako ileile, wenzako ndio wanaoota. Ukiwa na mtu mmoja, utamshinda mara nyingi. Ukiwaacha watatu waingie bure, mmoja wao ataota. Kwa hiyo walipishe mapema, wakati bado unaongoza. Na kwa hapa kwetu, njiti moja haimtishi mtu, watu wamechoka kukaa, watafuata tu wapate kuona. Weka sita. Weka nane. Anayetaka kuona alipe."

"Na wote wakikimbia, mzee?"

"Utazoa njiti tatu na utalala vizuri."

Nikamkumbusha habari ya haraka na baraka. Akanijibu, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akaniachia sufuria jingine.

Nilijifunza, tena kwa shida, kwa sababu tabia yangu ni ya kunyamaza nikiwa na kitu kizuri. Upande wa pili wa somo ulichukua muda zaidi: kujua wakati mkono mkubwa umeshapigwa. Siku moja nilikuwa na wafalme wawili, nikawalipisha vizuri, nikabaki na Baraza. Karata ya mwisho ilikuwa nne, kijikarata cha kupuuza. Baraza, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amepandisha dau hata mara moja, akapandisha. Akajimiminia chai, mkono wake haukutetemeka. Kila kitu ndani yangu kilisema, wafalme wawili hawatupwi. Nikawatupa. Baraza, masikini, kwa kutoamini, alifunua mwenyewe: nne mbili mkononi, na ile ya mkekani ikawa ya tatu. Mzee Nzaro hakunisifu. Alichukua birika, akanimiminia chai mimi kwanza kabla ya kujimiminia yeye. Tangu niingie kazini hakuwahi kufanya hivyo, na chai ile bado naishukuru.

Alistaafu akarudi Mariakani kwa minazi yake, nami nikaachiwa kikosi. Baraza alihamishwa magharibi karibu na kwao. Muthengi akabaki, akazeeka na gari. Hussein aliacha kututembeza, akawekwa na watu wake kuwa mtunza mashine wa kisima cha njia ya Eldas: yeye ndiye aliyewasha jenereta, akazima, na kuita mifugo kwa zamu kwenye mabirika ya kunyweshea. Ni kazi ya heshima na ya lawama. Mwenye ng'ombe anakuona umempendelea wa ngamia, wa ngamia anakuona umempendelea wa mbuzi, na wote ni jamaa zako.

Kisha ukaja ule ukame. Mvua za vuli hazikuonekana, za masika zikapita mbali zikanyeshea wengine. Mabwawa yalikauka, visima vifupi vikatoa tope, na kisima cha Hussein kikabaki kinatiririka. Tulitumwa kukaa pale, mimi na Muthengi, tuhakikishe mashine haisimami. Kisima hicho nilikijua vizuri, pampu yake niliishusha mwenyewe. Kilikuwa na maji matamu, mengi, kisima bora kuliko vyote nilivyovishika. Habari zikaenea. Mifugo ikaja kutoka upande wa Griftu, ikaja kutoka mpakani mwa Mandera, vumbi likawa haliketi. Injini iliwashwa alfajiri, ikazimwa watu wakienda kuswali Isha.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha niliteremsha dipa. Siku za mwanzo maji yalikuwa yanarudi mahali pake. Halafu yakaanza kurudi pungufu. Kiganja kimoja. Kesho yake viganja viwili. Nikaandika kwenye daftari, nikafunga daftari.

Kwa nini sikusema? Nitawaambia ukweli, maana aibu ya mtu mzee haina thamani kubwa. Kwanza, nilikuwa napendwa. Wazee walinishika mkono kwa mikono yao miwili, akina mama waliniombea dua, kila jioni Hussein aliniletea kibuyu cha maziwa ya ngamia wake jike mmoja, mweupe, mtulivu, aliyekamuliwa kando kwa ajili yangu. Pili, huko kwao mtu aliyefika kisimani na mnyama mwenye kiu hafukuzwi. Ni kanuni ya kale kuliko serikali. Mimi Mtaita ni nani wa kuivunja? Na tatu, maji yalikuwa yanatoka. Nani anapiga kelele maji yakitoka? Nilijua pia, kama fundi yeyote anavyojua, kwamba maji yakishuka chini ya pampu, pampu inavuta hewa na mota yake inaungua. Mota mpya ingetoka Nairobi, ingechukua wiki, na kwa wiki hizo watu na mifugo yote ile ingekuwa imesimama juu ya shimo kavu. Nikasema nitangoja kidogo, labda mvua.

Asubuhi moja Hussein alinikuta nakunja dipa. Akautazama utepe ulivyolowa, akautazama ulivyo mrefu, akautoa mswaki wake mdomoni.

"Fundi. Utepe leo mrefu."

"Kidogo tu."

"Jana?"

"Jana kidogo pia."

Akakaa juu ya pipa la dizeli. "Mimi kamari sichezi, wajua. Lakini nimekaa nyuma yako miaka mingi, karata yako naijua kushinda wewe. Ukibata mbaya, unaongea, unacheka. Ukibata kubwa, unanyamaza. Unafurahi nayo beke yako. Halafu Muthengi anakuja na saba yake."

Nikaendelea kukunja dipa.

"Hii kisima ni karata kubwa," akasema. "Watu wote wameingia bure. Leo bado uko na nguvu, maji ibo, watasikia. Ikikauka utaongea na nani? Unangoja nini, walaal, ndugu yangu?"

Nilimwomba aniitie wazee.

Walikaa kwenye kivuli cha tangi, na mbele yao akakaa Haji Nur, mkubwa wa kamati ya kisima, mtu wa maneno machache na fimbo iliyonyooka. Nilisema yote bila kuremba. Injini iwake kwa muda wa saa sita tu kila siku. Ng'ombe wanywe siku moja, waruke siku moja, mbuzi kila siku ya tatu. Ngamia, ambao wanaweza kutembea, waondolewe wapelekwe kwenye kisima cha maji ya chumvi, mwendo wa siku tatu. Na walioko mbali wapigiwe simu wasije. Hussein alitafsiri, na kadiri alivyotafsiri ndivyo nyuso zilivyofunga.

"Maji inatoka," Haji Nur akasema kwa Kiswahili, ili nisikie mwenyewe. "Nasikia inatoka. Wewe unataka kufunga kisima iko na maji?"

Niliteremsha dipa mbele yao. Ikalia. Kila mzee akataka kuushika utepe, mmoja akasema chombo kinaweza kufundishwa kulia. Nikamwambia ni kweli, na nyani pia anaweza kufundishwa kuswali, lakini maji hayo yameshuka. Wallahi sijui nilipata wapi ujeuri ule. Wote wakamgeukia Haji Nur, naye akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Nikaendelea kabla sijaogopa. Nikasema leo adhuhuri nazima. Nikiwa nimekosea, waandikieni wakubwa wangu Garissa, nami nitatia sahihi chini ya barua yao, niondoke kazini na aibu yangu. Lakini tukingoja, hatutakuwa na la kuamua.

Sikuwalaumu. Kila mmoja pale alikuwa akihesabu wanyama wake kichwani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupoteza kwa sababu ya neno la mgeni. Ukimwambia mfugaji aondoe ngamia mwenye mtoto kwenye maji matamu ampeleke siku tatu juani, hujamwambia jambo dogo. Niliona nimeshindwa. Nilianza hata kukunja utepe.

Hussein akasimama. Alisema neno lake kwanza kwa lugha yao, kisha akanigeukia akalisema tena, nadhani kwa sababu alitaka nilibebe pamoja naye. "Ngamia yangu itoke kwanza. Leo. Kumi na mbili yote."

"Yote?" Haji Nur akauliza.

"Yote, adeer," akamjibu, akimwita ami kwa heshima. "Mimi ndiyo naita watu zamu. Siwezi kuambia mtu toka na yangu inakunywa."

Basi mambo yakaisha pale. Mtu akishatoa chake mbele ya wazee, hakuna mwingine anayeweza kusema changu kibaki. Haji Nur aligonga fimbo chini, akaanza kutaja majina, familia moja baada ya nyingine. Alasiri ile kondoo, mbuzi na ng'ombe walibaki, na ngamia wakaanza kuondoka kwa mistari, wa Hussein mbele, yule jike mweupe akiwa wa tatu na ndama wake ubavuni. Sikukaa kutazama mpaka mwisho.

Adhuhuri nilikuwa nimezima injini, na ule ukimya ulikuwa mgumu kuliko kelele. Kundi la ng'ombe lilikuwa limefika tu kutoka mbali, wamiliki wake hawakuwapo kwenye kikao. Walipiga kelele, mmoja akarusha fimbo ikagonga jenereta. Muthengi alikuwa amegeuza gari likitazama barabara. "Niache injini inawaka," akaniuliza kwa upole mkubwa, "ama tutasukuma tukikimbia?" Haji Nur alikwenda kuzungumza nao yeye mwenyewe, kwa muda mrefu. Wakanywesha ndama tu, wakakaa kungoja kesho.

Maji yaliacha kushuka baada ya siku nne. Halafu yakashuka tena, mpaka yakabaki urefu wa mtu mmoja juu ya pampu. Hapo niliona kwamba hata karata niliyoicheza vizuri inaweza kupigwa, na safari hii sikungoja kuambiwa. Nilirudi kwa wazee: ng'ombe nao waende, maji yabaki ya watu, mbuzi na wagonjwa. Hawakubishana. Walikuwa wameshaanza kuushika utepe wenyewe kila asubuhi, na Haji Nur alikuwa na desturi ya kuusikiliza kwa jicho moja limefungwa. Kisima kingine cha upande ule, jina lake silitaji, walivuta mchana na usiku mpaka mota ikaungua, na watu wake wakaja kwetu na mitungi. Tukawapa. Tulikuwa nayo ya kuwapa.

Mvua ilipokuja ilikuja jioni moja kwa hasira, tukakaa chini ya turubai mimi na Muthengi tukicheka kama wendawazimu. Nilishuka Garissa kufanya matengenezo ya gari, na niliporudi njia ya Eldas nyasi zilikuwa zimetoka na ngamia wamerudi. Muthengi ndiye aliyeniambia, akiwa anafunga tairi, bila kunitazama. Wa Hussein waliondoka kumi na wawili, wamerudi wanane. Yule jike mweupe hakurudi, wala ndama wake.

Nilikwenda kwake kwa miguu. Alikuwa anafuta jenereta kwa kitambaa, akanikaribisha, akaita chai. Nilishindwa kunywa. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimejua siku nyingi kabla ya ile asubuhi ya pipa la dizeli. Nilimwonyesha daftari, tarehe zikiwa na vipimo vyake. Ningesema siku ile ya kiganja cha kwanza, ngamia wangetoka wakiwa na nguvu, nyasi za njiani zikiwa bado zipo, na labda wote wangefika. "Hussein, nisamehe," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka, na sioni haya kuyaandika.

Alilichukua daftari akalifunga, akanirudishia.

"Hapana," akasema.

Nilidhani amekasirika. Nikainamisha kichwa.

"Hapana, Fundi. Sikusamehe. Hiyo ngamia nne hukuchukua wewe, nilitoa mimi, mbele ya wazee, kwa ajili ya Mungu. Sasa wewe unataka kusema ni makosa yako? Unataka kuninyang'anya thawabu yangu?" Akanisogezea kikombe. "Ya kwangu wachia mimi. Kunywa chai."

Nikanywa.